Tanga Inaamka, Ila Hela Inalala Wapi?

Zamani ukitaja Tanga kijiweni ulisikia mambo matatu: mahaba, baiskeli na mkonge. Siku hizi limeongezeka la nne, bomba la mafuta. Wenzetu wa mwaka wa mwisho wanaliongelea kama bahati nasibu: "Nikimaliza tu naenda Tanga, kule kuna hela." Makala haya yanahusu hiyo hela. Inaingiaje mjini, inatokaje, na yule ofisa wa halmashauri ambaye kazi yake ni biashara, uwekezaji na utalii ana funguo gani mkononi za kuizuia isitoke mbio. Kuna wasomaji wa gazeti hili watakaokalia kiti hicho ndani ya miaka kumi, tena si Tanga peke yake. Iringa, Songea, Kigoma na Mtwara zina viti vya namna hiyo hiyo.

Nimeichagua Tanga kwa sababu ndiyo jiji lenye watu wachache kuliko majiji yetu mengine (393,429 kwa Sensa ya 2022), na kwa sababu ilishawahi kupanda sana, ikaanguka sana, na sasa inainuka tena.

Tuanze na kuanguka. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikapanda taratibu hadi Moshi, na baadaye Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Miaka hiyohiyo ya 1890 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo sitini na mbili yakatokea mashamba ya Muheza, Korogwe na pembezoni mwa Tanga yenyewe, na kufikia 1964 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani 230,000 kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani, nailoni na ndugu zake, zikashusha bei ya dunia. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uendeshaji ukayumba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000 tu.

Kilichoanguka hakikuwa mashamba peke yake. Reli ilibeba mkonge, bandari ilipakia mkonge, gereji zilitengeneza mashine za mkonge, na duka la nguo la Barabara ya Uhuru lilimuuzia karani wa mkonge. Mji mzima ulikuwa umefunga mzigo wake kwa kamba moja, na kamba yenyewe ilikuwa ya mkonge. Serikali ilijaribu kuongeza viwanda. Kimoja kilikuwa cha mbolea, kilichojengwa miaka ya 1970, nacho kikafungwa. Kwa hiyo mtu wa Tanga akisikia neno "mradi mkubwa" hana ile furaha ya mgeni. Ana kumbukumbu.

Sasa tuje kwenye miradi mikubwa ya leo.

Bandari ya Tanga ilikuwa na tatizo ambalo mtu wa bara haliwazi haraka: maji ya gatini yalikuwa mafupi. Meli kubwa ikija ilitia nanga kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi gatini, mzigo ukashushwa tena. Kazi moja inafanywa mara mbili, na kila mara ina bei yake. Wafanyabiashara wa kaskazini, ambao ukitazama ramani utasema Tanga ndiyo bandari yao, wengi wakaona bora kupitishia Dar es Salaam au Mombasa. Serikali ikaweka shilingi bilioni 429.1. Njia ya kuingilia meli na sehemu ya kugeuzia zikachimbwa hadi kina cha mita 13, na gati mbili zenye jumla ya urefu wa mita 450 zikaimarishwa. Sasa meli zinafunga gati moja kwa moja.

Hapo ndipo watu wengi husimama na kupiga makofi. Mimi naomba tulifuate lori. Limepakia mzigo gatini asubuhi, limetoka mjini saa tano, linaelekea Arusha. Dereva hajala Tanga. Chai anakunywa Segera, mafuta anajaza Segera au mbele zaidi, na Segera haiko ndani ya jiji. Ushuru wa forodha umeenda Hazina. Tozo za bandari zimeenda Mamlaka ya Bandari. Mjini imebaki mishahara ya wapakuaji na mawakala wa forodha, pamoja na kodi ya ghala kama mzigo ulilala. Si haba, ila ni kidogo kuliko kelele zake. Bandari ni mlango, na kupitwa na watu wengi mlangoni hakumfanyi mwenye nyumba kuwa tajiri, mpaka kuwe na kitu ndani kinachowafanya waingie.

Bomba nalo lina hesabu yake. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mradi wa aina hii hula watu wengi wakati wa kujenga: wachomeleaji, madereva, walinzi, wapishi. Ukishaanza kufanya kazi unahitaji wachache, tena wenye ujuzi maalumu. Yule anayesema "kule kuna hela" aulizwe kwanza anaongelea miaka ipi. Ndivyo ilivyo mji wowote wenye ujenzi mkubwa: kodi za vyumba hupanda, gesti huota kama uyoga, halafu wajenzi huondoka. Anayebaki ni mwenye gesti na mkopo wake benki. Swali la kiongozi wa uchumi wa mji ni nani atalala kwenye vitanda hivyo baada ya wao kuondoka.

Na jibu moja, si pekee, ni mtalii.

Ofisi yenye funguo chache

Kabla ya mapango na fukwe, tuangalie meza. Katika muundo wa sasa wa halmashauri zetu kuna Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji. Ungetegemea utalii uwe humo. Haumo, uko kwenye kitengo cha maliasili na mazingira. Utamaduni na sanaa viko na michezo, kitengo kingine tena. Kwa hiyo anayetoa leseni ya hoteli, anayetangaza vivutio na anayekijua kikundi cha taarabu ni watu watatu, wenye bajeti tatu, na pengine milango mitatu kwenye korido moja.

Halafu toka nje ya ofisi uone vivutio ni vya nani. Mapango ya Amboni yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ndiyo, ileile ya kreta. Bahari yenye samaki wa ajabu iko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Gati ni la Mamlaka ya Bandari. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA. Maji ni ya Tanga UWASA. Boma la zamani la Wajerumani limekuwa makumbusho kwa juhudi za wenyeji wa Urithi Tanga, ambao ni asasi ya kiraia. Hoteli ni za watu binafsi. Jiji limebaki na nini? Leseni za biashara, vibali vya ujenzi, masoko, stendi, usafi, bustani, ushuru wake mdogomdogo, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Ukizisoma funguo hizo harakaharaka utasema huyu ofisa hana kitu. Mimi sikubaliani. Ana kitu kimoja ambacho Ngorongoro hawana na bandari hawana: yeye ndiye pekee ambaye kazi yake ni mji mzima. Kuongoza hapa maana yake ni kuwaita mezani watu ambao hakuna hata mmoja anayekuripoti, na kuwafanya wakubaliane jambo dogo ambalo kila mmoja peke yake haoni faida yake.

Chukua mfano wa tiketi moja. Mgeni ana siku mbili. Anataka kuona Amboni, makumbusho ya Boma, magofu ya Tongoni, na mashua ya kuzunguka Kisiwa cha Toten mbele ya bandari. Kwa hali ya kawaida huo ni mzunguko wa milango minne: malipo manne, saa za kufungua tofauti, na dereva wa bajaji ndiye mwongozaji mkuu wa utalii bila kujua. Kuvifanya viwe kitu kimoja hakuhitaji bilioni. Kunahitaji mkataba wa mgawanyo wa mapato, ratiba, na mtu wa kupiga simu Jumatatu asubuhi kuuliza kwa nini mashua haikuwepo Jumamosi. Kazi ya kuchosha hiyo. Haina utepe wa kukata wala mgeni rasmi, na nadhani ndiyo maana ni nadra kufanywa.

Pango saa mbili, jioni saa sita

Amboni iko kama kilomita nane kaskazini mwa mji, barabara ya kwenda Horohoro. Ni miamba ya chokaa iliyochongwa na maji kwa muda usiofikirika, yenye mapango kadhaa, ingawa wageni hupitishwa katika moja tu. Ndani utaonyeshwa maumbo ambayo mwongozaji atakwambia ni sofa, ni mamba, ni msikiti. Utaonyeshwa mahali pa tambiko ambapo watu bado huacha vitu vyao na maombi yao. Utasimuliwa habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na wakoloni. Popo wapo. Ni safari nzuri sana, na inaisha kwa saa moja na nusu, mbili ukipiga picha nyingi.

Silikanti ana tatizo lake. Huyu ni samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka tangu enzi za dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa kwenye nyavu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Habari kubwa duniani, ila anaishi kwenye kina kirefu, gizani, na hakuna mtalii wa kawaida atakayemwona akiogelea. Hapo huuzi samaki, unauza hadithi yake, na hadithi inahitaji nyumba ya kusimuliwa: chumba chenye mfano wake, ramani, na mvuvi mzee wa kueleza siku alipolivuta lile dude akadhani ni shetani wa baharini. (Huyo mvuvi nimemtunga mimi. Nina uhakika wapo wanaoweza kuisimulia vizuri zaidi.)

Hifadhi hiyo ndiyo jirani wa Chongoleani, mwisho wa bomba. Wanaharakati wa mazingira wamelipinga bomba kwa nguvu, serikali na makampuni wanasema tahadhari zimechukuliwa. Sina nafasi ya kuumaliza ubishi huo hapa. Ninachosema ni kwamba mji umeweka dau kwenye mafuta na kwenye matumbawe kwa wakati mmoja, na mvuvi wa Chongoleani yuko katikati. Mkuu wa uchumi na utalii asiyemwalika mvuvi mezani hajaanza kazi.

Sasa hesabu. Tuseme basi dogo la wanachuo 40 limetoka Dar es Salaam alfajiri. Wamefika Amboni, wamelipa kiingilio, wamekula wali waliobeba kwenye hotpoti, wamerudi. Kiingilio kimeenda Ngorongoro, dizeli iliwekwa Dar. Tanga imebaki na soda. Tuseme sasa hao 40 wamelala usiku mmoja: chumba cha kuchangia shilingi 15,000 kila mmoja, chakula cha jioni na chai ya asubuhi 12,000, bajaji na vikorokoro 8,000. Hiyo ni 35,000 kwa kichwa, 1,400,000 kwa kundi. Usiku mmoja. Tena kundi la wanachuo, ambao kila mtu anajua tunasafiri kwa kutegemea bumu.

Halafu ifuate hiyo 1,400,000 kama tulivyolifuata lori. Kama samaki amenunuliwa mwalo wa Deep Sea, maziwa ni ya Tanga Fresh yaliyokamuliwa na wafugaji wa mkoa huo, machungwa ni ya Muheza na shuka zimefuliwa na kikundi cha kina mama cha mtaani, basi shilingi hiyo inazunguka mjini mara kadhaa kabla ya kuondoka. Kama hoteli inaagiza kuku wa barafu, juisi ya boksi na meneja kutoka mbali, shilingi inalala kitanda kimoja na kupanda basi asubuhi. Wachumi huita hali hiyo uvujaji. Mji mdogo hauzuii uvujaji kwa amri. Unauzuia kwa kumuuliza mwenye hoteli anakosa nini hapa, akijibu "kuku wa uhakika kila Ijumaa," unaupeleka mkopo wa asilimia 10 kwa kikundi cha vijana wafugaji chenye mkataba na hoteli hiyo. Mkopo wenye mnunuzi tayari si sawa na mkopo uliotolewa kwa picha ya pamoja na hundi ya mbao.

Tatizo ni kwamba mgeni halali mjini kwa sababu ya pango. Pango ameshaliona saa tano asubuhi. Analala kwa sababu ya jioni. Na jioni ndiyo mali ambayo Tanga inayo kuliko miji mingi, sema haijaipanga. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi. Kusini kidogo mwa mji, Machui, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kuna Raskazone na upepo wake, mishikaki, pweza, mkate wa kumimina, mitaa ya Ngamiani yenye namba badala ya majina ambayo unaweza kuizunguka kwa baiskeli bila kupotea. Mgeni anayefika Ijumaa anatakiwa ajue, kabla hajatoka kwao, kwamba saa mbili usiku kuna taarabu mahali fulani, kila Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Neno zito hapo ni "kila". Tamasha la mara moja kwa mwaka linajaza gesti siku tatu, na gesti inalipa mkopo miezi kumi na miwili.

Nimeliweka jambo la jioni mbele kwa sababu kuna barabara inakuja. Ile ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja la Mto Pangani, itaifungua pwani yote na kuipitisha jirani na hifadhi ya taifa yenye fukwe. Kila mtu anaishangilia, na mimi pia. Ila safari ikiwa fupi, yule aliyekuwa analazimika kulala anaweza kurudi kwake jioni, au akalala Pangani ufukweni na Tanga akaipitia kununua vocha. Barabara nzuri haichagui upande.

Mji uliokopa wenyewe

Mfano wa taasisi isiyosubiri kusukumwa upo hukohuko. Februari 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji, iliuza hatifungani ya kijani kwa umma. Kwa asiyesoma fedha: hatifungani ni karatasi ya deni. Unaipa taasisi hela yako, inakulipa riba kwa vipindi, na muda ukiisha inakurudishia ulichotoa. Walihitaji shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Zikaja bilioni 54.72, yaani asilimia 103. Hatifungani hiyo iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa taasisi ya maji ya mji wa mkoani lilikuwa jambo jipya kabisa katika ukanda wetu.

Mwanzo unaweza usione uhusiano na utalii. Lakini hoteli ni nini kama si maji? Bafu, jiko, shuka, bustani. Maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi unaoshuka Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, hadi bwawa la Mabayani. Mkulima wa juu akikata miti, tope linakuja bwawani, gharama ya kusafisha inapanda, mwenye gesti wa Ngamiani analipa. Mwongozaji mzuri wa uchumi wa mji huuona huo mnyororo wote. Jambo la pili ni kwamba mwenye deni la umma hulazimika kuwa na vitabu safi, kwa sababu waliomkopesha wanasoma hesabu zake. Ningependa kuona nidhamu hiyo kwenye stendi na masoko pia.

Na tukija kwenye hesabu ndipo tunapoingia sisi wanachuo. Wageni wa kimataifa nchini wanahesabiwa mipakani na viwanja vya ndege. Mtu wa Morogoro aliyekwenda Tanga harusini, akalala siku tatu, akanunua kanga mbili na kilo tano za samaki, hahesabiwi mpakani wala popote kwa jicho hilo. Kwenye mji kama huu huyo ndiye mtalii mkuu: wa harusi, wa msiba, wa semina, wa mechi ya Coastal Union. Daftari la wageni la gesti lina majina yao, ila linatunzwa kwa ajili ya polisi, halitunzwi kwa ajili ya mipango.

Kwa hiyo mnaokwenda fildi mwaka huu, hasa wa mipango miji, uchumi na utalii, badala ya kukaa ofisini kupanga mafaili ombeni kazi hii. Stendi ya Kange, Ijumaa jioni watu wanaposhuka na Jumapili mchana wanapoondoka. Maswali manne: umetoka wapi, umelala wapi na usiku mangapi, umekula kwa nani, na jioni ulifanya nini. Peni, daftari na ruhusa ya wasimamizi wa stendi. Wikiendi nne zinatosha kwa kuanzia, na nakala moja iachwe kwa ofisa biashara, nyingine kwa ofisa utalii, hata kama milango yao iko korido moja.